Namna ya Kuisoma Mimea ya Mabonde ya Kinamo Yenye Chemchem katika Msitu wa Ngezi

Anayeingia Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya Pemba, kwa njia itokayo Konde, hupokewa kwanza na miti mirefu na kivuli kizito, na mguu wake hukanyaga ardhi iliyo imara. Akishuka kidogo kuelekea kwenye mabonde, ardhi hubadilika bila ya kumpa taarifa: buti huzama, likivutwa hutoa mlio, na mimea iliyo mbele yake si ile aliyoiacha nyuma hatua ishirini. Mwongozo huu unahusu sehemu hizo ambazo maji ya chini ya ardhi hujitokeza polepole juu ya kinamo, yaani udongo mzito unaonata, na unaeleza jinsi ya kuitambua, kuipima na kuiandika mimea inayoishi hapo pamoja. Nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi, walimu wa skuli na wanakamati wa uhifadhi wa vijiji vinavyouzunguka msitu, ambao mara nyingi huijua mimea ya msitu huo vyema kuliko mgeni yeyote lakini hawana utaratibu wa kuyaweka maarifa yao katika maandishi.

Mambo mawili nayashikilia tangu mwanzo. La kwanza ni kwamba mmea mmoja peke yake si shahidi wa kutosha. Linaloeleza hali ya mahali ni kundi zima la mimea, pamoja na wingi wa kila mmoja. La pili ni kwamba chemchem hutafutwa wakati wa jua kali, kwa sababu wakati wa masika kila shimo lina maji na kila shimo linaweza kujidai kuwa chemchem.

Maji yanatoka wapi

Wakulima wa Zanzibar wana majina yao ya udongo, na wataalamu waliokuja kuuchunguza waliona ni busara kuyachukua majina hayo hayo. Kichanga ni udongo mwepesi wa mchanga. Kinongo ni ule mwekundu wenye rutuba. Maweni ni ardhi ya mawe ya matumbawe ambayo udongo wake umejificha katika mianya. Na kinamo ni udongo mzito wa mabondeni, unaonata ukiwa mbichi na kupasuka ukikauka. Anayetaka kuandika juu ya mimea ya mabonde ayajue majina haya kabla ya majina ya Kilatini, kwa kuwa mzee atakayemuongoza atayatumia bila ya kuyafasiri.

Chembe za kinamo ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, na zimebanana kiasi kwamba maji hupita kwa taabu sana. Mvua ya masika ikinyesha juu ya kilima cha kichanga, maji huzama moja kwa moja mpaka yakutane na tabaka la kinamo chini yake, na hapo, kwa kuwa hayapati njia ya kushuka, hutambaa kwa ubavu. Pale mteremko unapokatiza tabaka hilo, maji hutoka nje. Hayatoki kwa kishindo kama ya bomba, bali hutoka kama jasho la mtungi: ukiweka kiganja unahisi ubaridi na unyevu, lakini huoni tundu. Kwa sababu hiyo chemchem za namna hii huwa ni mstari mrefu unaofuata kimo kimoja cha mteremko, na si shimo moja.

Hapa Ngezi inatofautiana na Jozani ya Unguja. Jozani, ambayo tangu mwaka 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, nayo ni msitu wa maji ya chini, lakini ardhi yake ni tambarare na maji huinuka ndani ya bonde la mawe ya chokaa wakati wa mvua, hata yakafunika njia. Ngezi ina vilima na mabonde, na maji yake mengi ya juu hutokana na mkutano huo wa mchanga na kinamo. Aliyezoea Jozani asidhani kwamba atakayoyaona Ngezi ni yale yale.

Kabla ya kuingia

Ngezi ni msitu wa hifadhi, na kibali cha kuchukua sampuli hutolewa na idara ya misitu. Si jambo la kumalizana na mlinzi wa getini. Baada ya hapo nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa) husika, umueleze unafanya nini na kwa siku ngapi, kisha umuombe akutafutie mtu mzima anayeyajua mabonde. Mtu huyo mwite mzee au bibi kama umri wake unavyostahiki, mwamkie kabla ya kuuliza chochote, na swali lako la kwanza lisiwe la majina ya miti bali liwe hili: ni wapi ambapo maji hayakatiki mwaka mzima? Jibu la swali hilo litakuokoa siku tatu za kutangatanga. Uliza pia kama kuna sehemu yenye heshima yake, kwa sababu baadhi ya vyanzo vya maji na miti mikubwa kisiwani huhusishwa na mizimu, na hata kama wewe huna imani hiyo, huna haki ya kuchimba mahali ambapo wenyeji hawachimbi. Chemchem ambayo watu huteka maji ya kunywa usiiguse kabisa; iandike kutoka kando.

Vifaa ni vichache: gambuti, kamba ya mita 50, tepu ya kupimia, vigingi vinane, jembe dogo, mabomba mawili ya plastiki, daftari lenye karatasi ngumu, penseli (wino huyeyuka), magazeti ya zamani ya kukaushia majani, na vipande vitatu vya ubao vya kukanyagia. Vipande hivyo wengi huviacha nyumbani kwa kuona uzito, nao ndio muhimu kuliko vyote. Unyayo wa mtu mzima katika kinamo kibichi huacha shimo linalogeuka kuwa mfereji mdogo, na watu watano wakipita mara kumi mstari wa chemchem hubadilisha njia, ikawa mnapima mimea ya mahali mlipopaharibu wenyewe. Ndara ziache mbali, na gambuti zioshwe kabla ya kuingia na baada ya kutoka, ili mbegu za magugu zisisafiri nanyi.

Kuchagua wakati

Nilijifunza umuhimu wa wakati kwa kujiaibisha. Katika vuli moja nilikuta kidimbwi kizuri chini ya mteremko, kimezungukwa na majani ya ndago, maji yake safi, na nikaandika kwa herufi kubwa kwamba nimepata chemchem. Mzee aliyenisindikiza alitazama, akanyamaza. Niliporudi mwezi wa Februari, wakati kaskazi inavuma na mvua imekatika, kidimbwi kilikuwa sahani ya kinamo iliyopasukapasuka, na ndago zimelala kama nywele. Hatua sitini kutoka hapo, mahali ambapo mimi nilipapita bila ya kupatazama kwa sababu hapakuwa na maji ya kuonekana, udongo ulikuwa bado ni baridi na mbichi, na kangaga, mimea ya mabondeni isiyotoa maua, zimesimama kijani. Mzee alisema tu kwamba alikuwa akisubiri nirudi.

Basi panga safari mbili. Ya kwanza iwe mwisho wa kiangazi cha kaskazi, yaani Februari au mwanzo wa Machi, kabla ya masika kuanza. Hiyo ndiyo safari ya kutafuta na kuweka alama za chemchem. Ya pili iwe mwezi wa Juni, mvua kubwa zikishapungua, wakati mimea mingi midogo imeota na mingine imetoa maua ambayo bila yake huwezi kuitambua kwa uhakika. Atakayeweza safari moja tu, achague ya Februari, ingawa atakosa maua.

Kuuhoji udongo

Mahali unapopashuku, anza na mkono. Chukua udongo wa kiasi cha ndimu kutoka kina cha shubiri moja, ulainishe kwa maji mpaka uwe kama unga wa maandazi, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke utepe. Kichanga hakitoi utepe, huvunjika mara moja na utazisikia punje zikisuguana. Udongo uliochanganyika hutoa utepe wa sentimita mbili au tatu. Kinamo halisi hutoa utepe unaozidi sentimita tano kabla ya kukatika kwa uzito wake, na ukiupaka kwa kidole hung'aa.

Kisha chimba shimo la nusu mita, pembeni na si katikati ya mstari wa maji, utazame rangi. Udongo unaopata hewa huwa mwekundu au wa kahawia, kwa kuwa madini ya chuma ndani yake yameshika oksijeni, kama ilivyo kutu. Udongo uliojaa maji muda mrefu hukosa oksijeni, na vijidudu vyake huibadilisha chuma hiyo iwe ya namna inayoyeyuka, na hapo rangi hugeuka kijivu, wakati mwengine kijivu chenye ubuluu. Ukikuta kijivu chenye madoa na michirizi ya kutu, hasa kandokando ya mizizi, maana yake maji hupanda na kushuka, na mizizi huleta hewa kidogo. Ukikuta kijivu kitupu kuanzia karibu na juu, maji hayaondoki hapo.

Juu ya maji yaliyotulia utaona mara nyingi ngozi nyembamba inayong'aa rangi nyingi, na wageni wengi hudhani ni mafuta ya taa yaliyomwagika. Ichokoe kwa kijiti. Mafuta yakitenganishwa hurudi kuungana. Ngozi ya chuma huvunjika vipande vyenye kona, mfano wa kioo, na vipande hivyo hubaki vimeachana. Hii ya pili ni dalili njema kwamba maji yametoka chini, yamebeba chuma, na sasa yanakutana na hewa kwa mara ya kwanza.

Mabomba mawili ya plastiki huthibitisha zaidi. Yote toboa matundu madogo sehemu ya chini, kiasi cha kiganja kimoja, na funika sehemu hiyo kwa kitambaa ili tope lisiingie. Moja lisimamishe kwa kina cha mita moja, la pili kwa kina cha sentimita thelathini, yakiwa hatua moja mbali, na uzibe kando zake kwa kinamo. Rudi kesho yake upime kimo cha maji ndani ya kila moja kwa kulinganisha na uso wa ardhi. Kama maji ya bomba refu yamesimama juu zaidi kuliko ya bomba fupi, yanasukumwa kutoka chini. Kama ni kinyume chake, ni maji ya mvua yanayozama taratibu, nawe uko kwenye kidimbwi na si kwenye chemchem.

Mimea yenyewe

Mizizi inahitaji hewa, na ndani ya maji oksijeni husafiri kiasi cha mara elfu kumi polepole kuliko ndani ya hewa tupu. Kwa hiyo mmea unaoishi katika kinamo kilichojaa maji lazima uwe na hila yake: mizizi inayochomoza juu, vishina vyenye mianya ya kupitisha hewa, mizizi ya kusimamia kama miguu ya ngalawa, au mbegu zinazoelea mpaka zifike pahala pa kuotea. Ukizijua hila hizi, utamtambua mkaazi wa maji hata kama jina lake hulijui.

Nyota wa mabonde ya Ngezi, kwa maoni yangu, ni gimbi kubwa la majini liitwalo kwa Kilatini Typhonodorum lindleyanum. Aliyeliona kwa mbali hudhani ni mgomba, kwa kuwa shina lake limefumwa kwa vikonyo vilivyokumbatiana na hupita urefu wa mtu. Lakini jani si la mgomba, lina umbo la mshale kama la gimbi, na ua lake limejifunika kwa jani moja lililojikunja kama kanzu kuzunguka kijiti. Linapatikana Madagaska na visiwa vya jirani yake, na huku kwetu. Mbegu zake nene huelea. Likisimama kwa wingi, andika kwamba maji hapo hayakauki, kwa sababu jani pana namna ile haliwezi kuvumilia ukame hata wa wiki chache. Mche mmoja mmoja uliotupwa na mafuriko si hoja.

Mwale, mti wa ukoo wa minazi, huenda pamoja na gimbi hilo. Majani yake ni miongoni mwa majani marefu kuliko ya mimea yote duniani, na mizizi yake midogo huchomoza juu ya tope kama vidole, kutafuta hewa. Mwale huzaa mara moja tu katika umri wake, kisha hufa, na anapoanguka huacha uwazi mkubwa wa jua ambamo ndago, matete na miche ya kila aina hugombania nafasi. Kwa hiyo usishangae kukuta ndani ya bonde moja vipande viwili visivyofanana kabisa. Huenda ni jamii moja ya mimea, yaani kundi moja la aina zinazoishi pamoja, katika umri tofauti. Hesabu visiki vya miwale iliyokufa kabla ya kuamua kwamba umepata jamii mpya.

Mtomondo hupenda kingo za maji yanayotembea. Maua yake hushuka kwa kamba ndefu, hufunguka usiku, na asubuhi huwa yameanguka juu ya maji. Anayefika saa nne hukuta mti mtupu na zulia la nyuzi za waridi na nyeupe chini yake. Mkadi husimama juu ya mizizi yake ya magongo. Kangaga, hasa zile ndefu zenye majani magumu ya kung'aa, hufunga mstari wa chemchem wenyewe, na kadiri bonde linavyokaribia bahari huzidi kuwa kubwa; msomaji wa Pemba atakuwa amekwishaukumbuka mji wa Kangagani. Mkindu hukaa pale ambapo maji huja na kuondoka, na huko ndiko akina mama hufuata ukindu wa mikeka na misala. Ukikuta makuti machanga yamekatwa, andika, kwa sababu mkono wa mtu ni sehemu ya maelezo ya mahali.

Juu ya mstari wa chemchem, kwenye kichanga kinachopitisha maji, utaona wengine: mjoho mrefu wenye shina lililonyooka, mvule hapa na pale, na mpapindi, ule mnazi mwembamba wa mashina mengi yenye pete unaofanana na mpopo. Mpapindi hauoti kwa asili popote pengine duniani isipokuwa Pemba. Vitabu vyengine huuita Dypsis pembana na vyengine Chrysalidocarpus pembanus, na ni mmea huo huo mmoja. Ndugu zake wengi wako Madagaska, kama lilivyo lile gimbi. Mifereji ya bahari iliyotutenga na bara ni mirefu kwenda chini, hufika kiasi cha mita 800, na ukisimama bondeni ukiwa na gimbi chini na mpapindi juu, unahisi kwamba kisiwa hiki kina ukoo wake wenyewe.

Upande wa chini, maji matamu hukutana na ya chumvi. Miwale hupungua, mkadi na kangaga hubaki, msikundazi huingia na mizizi yake ya mbao zilizosimama, na baadaye mikandaa na mikoko. Mpangilio huu si sheria. Kuna mabonde ambayo mikoko imekutana na miwale karibu uso kwa uso, kwa kuwa chemchem ina nguvu ya kuisukuma chumvi nyuma. Sehemu kama hizo zinastahiki siku nzima ya kazi.

Magugu na miti ya kupandwa nayo iandikwe bila ya kuionea haya. Maesopsis eminii, mti wa kigeni uliopandwa kwa ajili ya mbao, umejieneza ndani ya Ngezi, na hupenda uwazi ulioachwa na mti ulioanguka. Mkiuona unaingia kwenye kingo za bonde, idadi yake na unene wake ni habari ambayo idara ya misitu itaithamini kuliko orodha yenu yote ya miti adimu.

Kupima viwanja

Nyosha kamba kutoka juu ya mteremko, kwenye kichanga, mpaka katikati ya bonde, ikikatiza mstari wa chemchem. Kila mita kumi weka kiwanja. Kwa miti, kiwanja cha mita 10 kwa 10 kinatosha katika mabonde haya membamba. Ndani yake weka kimoja cha mita 5 kwa 5 kwa vichaka na miche, na vitatu vya mita 1 kwa 1 kwa majani na kangaga. Kiwanja kimoja kisikae nusu juu ya mstari wa chemchem na nusu nje, kwa sababu kitakupa mchanganyiko ambao haupo popote. Kisogeze, kisha uandike kwamba umekisogeza.

Mti wenye shina la sentimita kumi au zaidi hupimwa unene kwa kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Wenye mizizi ya mbao au magongo hupimwa juu ya mizizi hiyo. Mwale na gimbi haina maana kupimwa unene; hesabu vishina, na kadiria urefu.

Kwa mimea ya chini, kuhesabu mche mmoja mmoja huchosha na hakusaidii. Kadiria ni sehemu gani ya ardhi iliyofunikwa na kila aina. Kipimo kinachotumika sana ni cha Josias Braun-Blanquet, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uswisi aliyeishi kati ya 1884 na 1980: alama ya kujumlisha ni kwa mmea ulio mchache unaofunika kidogo sana, 1 ni chini ya asilimia 5, 2 ni asilimia 5 hadi 25, 3 ni 25 hadi 50, 4 ni 50 hadi 75, na 5 ni zaidi ya 75. Watu wawili wakadirie bila ya kuambizana, kisha walinganishe. Mkitofautiana kwa daraja moja si neno. Mkitofautiana kwa mbili, rudini mtazame tena, na aghalabu mtakuta mmoja wenu amehesabu majani yanayoning'inia kutoka nje ya kiwanja.

Majina andika yote mawili, la mzee na la Kilatini, na la mzee liandikwe kwanza. Lile la Kilatini ulilolitia kwa kubahatisha huganda katika orodha na kunukuliwa miaka ishirini; jina la kienyeji likiwa na sampuli iliyokaushwa hurekebishika. Sampuli ipewe namba inayolingana na ya daftari, ilazwe katika gazeti, na gazeti libadilishwe kila siku kwa siku tano za mwanzo, kwa sababu unyevu wa Pemba huotesha ukungu haraka kuliko unavyotarajia. Mimea iliyo michache ndani ya kiwanja ipigwe picha tu, isikatwe.

Kutoka orodha hadi jamii

Ukirudi nyumbani chora jedwali: viwanja vikae juu, majina ya mimea pembeni, na alama za ufunikaji katika visanduku. Mwanzoni litaonekana vurugu tupu. Anza kuhamisha mistari, ukiweka pamoja mimea inayopenda kutokea pamoja, kisha hamisha safu za viwanja vinavyofanana. Kazi hii zamani ilifanywa kwa mkasi na gundi, na mimi bado napenda kuifanya hivyo mara ya kwanza kabla ya kufungua kompyuta, kwa sababu mkono unapohamisha karatasi, jicho hulazimika kutazama kila mmea. Baada ya saa mbili au tatu utaona vifungu: kimoja cha gimbi, mwale na kangaga, chengine cha mkindu na ndago, chengine cha mjoho na mpapindi. Mimea iliyoenea katika viwanja vyote, hata ikiwa mingi, haikusaidii kutenganisha. Inayokusaidia ni ile inayopenda kifungu kimoja na kukikwepa chengine.

Kwa anayetaka namba, kipimo cha Sørensen cha mwaka 1948, kinachoonesha viwanja viwili vinafanana kiasi gani, ni chepesi: idadi ya aina zilizomo katika viwanja vyote viwili izidishwe kwa mbili, kisha igawanywe kwa jumla ya aina za kiwanja cha kwanza na za kiwanja cha pili. Kiwanja chenye aina 14 na chenye aina 10, vikishirikiana aina 6, hutoa 12 kugawanywa kwa 24, yaani 0.5. Viwanja viwili vya mstari mmoja wa chemchem vikitoa chini ya hapo, tafuta sababu kabla ya kulaumu hesabu: pengine mwale umeanguka, pengine watu wamevuna ukindu, pengine kimoja kiko juu ya kinamo na chengine juu ya kichanga kilichomwagikia bondeni.

Jina la jamii ya mimea litokane na mmea unaotawala juu na ule unaotofautisha chini, kwa mfano jamii ya mwale na gimbi kubwa la majini, likifuatiwa na udongo na hali ya maji. Namna hii ya kutaja hutumika hata kwenye misitu ya baridi ya kaskazini. Kwenye mabonde yenye chemchem ya kaskazini-mashariki ya Marekani huota mmea uitwao Symplocarpus foetidus, wa ukoo ule ule wa magimbi, ambao ua lake hujitengenezea joto na kuyeyusha theluji inayolizunguka. Hilo halithibitishi lolote juu ya Ngezi. Lakini nililifurahia nilipolisoma, kwamba hata huko ambako maji huganda, mwenye jani pana aliyekaa tope la chemchem ni binamu wa gimbi letu.

Maelezo ya kila jamii yawe na mambo haya katika aya moja: mahali kilipo kiwanja na kimo chake kwenye mteremko, tarehe ya kila safari, matokeo ya utepe na rangi ya udongo, kimo cha maji katika mabomba yote mawili, mimea inayotawala kwa tabaka lake, mimea inayotofautisha, dalili za matumizi ya watu, na majina ya waliokadiria. Nakala moja ipelekwe idara ya misitu, na nyengine apewe sheha, iliyoandikwa kwa Kiswahili na yenye ramani ya mkono inayoonesha njia na mikondo ya maji kwa majina ambayo wanakijiji huyatumia. Vigingi viacheni mahali pake, vipakeni rangi, na mabomba yafunikeni kwa kifuniko, ili atakayekuja Februari ijayo apime katika matundu yale yale.